Barua ya Stempu kwa Helju

Helju, uliniuliza kwa simu imeli ni mdudu gani,
nikacheka, ukakata.
Basi nakujibu kwa karatasi, kwa stempu ya mbayuwayu, polepole,
kama ninavyofundishwa na Taavet wa maktaba,
kijana anayeniita Bibi Leida
na asiyejua kwamba mimi na wewe
tuliwahi kuushika mji mzima wa Võru
kwa nyaya kumi na mbili na vidole ishirini.

Anza na intaneti. Usiogope jina.
Ni ule ubao wetu wa swichi, uliokua ukatoroka.
Zamani mtu aliinua mkono wa simu, taa ikawaka,
tukauliza: nani? wapi? tukachomeka waya.
Siku hizi mashine zaulizana zenyewe,
na ile kubwa inayokesha
ikitunza vitu vya watu hadi watakapovitaka, huitwa seva.
Nilimuuliza Taavet: nani huipelekea chai?

Kivinjari ni dirisha.
Tovuti ni nyumba unayoichungulia kupitia hapo,
nayo ina anwani ndefu, bila nafasi hata moja,
kama dereva wa lori anayetukana bila kupumua.
Kiungo ni yale maneno ya buluu yaliyopigiwa mstari;
ukiyabofya, umeshafika kwingine.
Nilibofya bei ya viazi nikajikuta Peru.
Sikujuta.

Sasa imeli yenyewe. Barua isiyo na uzito, wala mate ya bahasha.
Anwani yake huanza na jina lako, kisha kile kidude, @,
herufi a iliyojikunja kama paka mbele ya jiko,
kisha jina la wenye kukutunzia sanduku.
Ukikosea nukta moja, barua inakurudia
na maneno makali ya Kiingereza.

Nywila ni neno la siri.
Taavet aligeuza uso nilipokuwa nikiiandika yangu.
Adabu hiyo mimi na wewe hatukuwa nayo.
Tulisikia yote: posa ya daktari, madeni ya mchungaji,
na jioni ile nilipoisikia sauti yako na ya Arvo wangu
kwenye laini ya saba,
nikauacha waya umechomekwa hadi mlipomaliza.
Nywila ni hiyo, Helju. Ni kuwaachia watu mlango wao.

Kikasha ni pale zinapofikia.
Rasimu ni barua ambayo hujathubutu kuituma.
Ninayo moja, tangu Novemba.
Kiambatisho ni kitu unachokibana kwenye barua
kwa pini isiyoonekana. Mimi nimebana picha:
sisi wawili na visikizio kichwani, mwaka wa sabini na moja,
wewe unacheka, mimi nimefumba macho.
"Jibu wote" usiiguse kamwe. Mke wa Juhan aliigusa,
na sasa kwaya nzima yazijua bawasiri za mumewe.

Halafu kuna barua taka. Pita huko kila Ijumaa, hata kama kunanuka.
Utakuta watu wanaokupa urithi wa mjomba usiyemjua.
Usiwajibu, usiwape nambari ya benki,
hata wakikuita mpenzi.
Lakini mashine nayo hukosea.
Mara nyingine huitupa humo barua ya kweli
kwa sababu tu mwandishi ni mgeni kwake,
au alikawia mno kuandika.
Ukiiona, bofya "si taka".
Inarudi kikashani kama haikuwahi kushukiwa.

Maktaba hufunguliwa saa nne. Basi la kutoka Rõuge
huingia dakika kumi kabla. Njoo na miwani ya karibu,
si ile ya kanisani.
Anwani yangu iko nyuma ya bahasha, kwa herufi kubwa;
nukta ya katikati usiisahau.

Rasimu bado ipo.
Haiwezi kwenda mpaka uwe na sanduku.